Amana ya Utafiti na Hatari Itokayo Ndani

Mhadhara uliotolewa mbele ya wanachuo na wananchi, Mji Mkongwe, Unguja



Mmekuja baada ya sala ya magharibi, wengine kutoka mashamba, kusikiliza maneno juu ya jambo ambalo aghalabu huzungumzwa maofisini milango ikiwa imefungwa. Mimi naona halikustahiki kufungiwa, kwani utafiti wa vyuo vyetu haujengwi na maprofesa peke yao. Hujengwa na mvuvi aliyekubali kuonesha mwamba wake, na mama aliyekubali mwanawe atolewe damu ipimwe, na mzee aliyeridhia kufunguliwa sanduku la hati za babu yake. Watu hao wana haki ya kujua walichokitoa kimewekwa wapi, na nani mwenye ufunguo.

Makusudio ya mhadhara huu ni kueleza namna utafiti unavyoweza kudhurika kwa mikono ya watu wa ndani, yaani wale wenye idhini ya kuingia, wenye kuaminiwa na wenye majina katika orodha ya wafanyakazi au ya wanafunzi, na kutoa rai yangu juu ya namna ya kuuhifadhi. Rai hiyo naitaja mapema ili msikilizaji ajue ninakoelekea. Naona hatari hii haiondoki kwa kumtilia shaka kila mtu, wala kwa kuongeza makufuli. Hupungua pale ambapo kila kitu kimeandikwa kwa wakati wake, pale ambapo jambo zito haachiwi mtu mmoja hata akiwa mkubwa namna gani, na pale ambapo aliyekosea ana pa kwenda kusema kabla kosa lake halijageuka fedheha.

Huenda wapo watakaouliza, sisi Unguja tuna siri gani ya utafiti hata tukeshe kuilinda? Basi na tutazame tulichonacho. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo kisiwani hapa tangu mwaka 1978, na kwa miaka mingi ilikuwa pale Mizingani, mwendo mfupi kwa miguu kutoka ukumbi huu, kabla ya kujengewa majengo mapya Buyu. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kilianzishwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 1999. Kizimbani kuna utafiti wa kilimo uliotangulia kuzaliwa kwa wengi wetu. Kilimani kuna Nyaraka za Taifa, zenye hati za Kiarabu, za Kiingereza na za Kiswahili ambazo watu hupanda ndege kutoka ncha za dunia kuja kuzisoma. Ndani ya majengo hayo mna vitu ambavyo mwizi wa kawaida hawezi kuvijua thamani yake: vichupa vya damu katika majokofu, mbegu za mwani, sauti za wazee zilizorekodiwa, ramani za miamba.

Chukueni hizo ramani za miamba. Mwanafunzi wa chuo huenda Jambiani au Kizimkazi, akakaa na wavuvi wa pweza majuma kadhaa, akala nao, akashuka nao maji yakitoka, na wao wakamtajia mashimo ambayo mtu humtajia mwanawe tu. Au huenda kijiji cha pwani kuuliza habari za ardhi, akaambiwa shamba lile la minazi ni la nani, warithi wake ni wangapi, na ni yupi kati yao anayedaiwa. Yote hayo huandikwa. Sasa fikirini karatasi zile zikiondoka ofisini zikaingia mkononi mwa dalali wa viwanja vya ufukweni. Hataiba kitu chochote kijijini. Atakwenda moja kwa moja kwa yule mrithi mwenye deni, na kijiji hakitajua kamwe kwamba aliyemfungulia njia ni yule kijana mpole aliyekuja na daftari.

Hoja yangu ya kwanza ni kwamba mtu wa ndani mwenye kuleta madhara si lazima awe mwenye khiyana. Hatari hii ikitajwa, fikra za watu humkimbilia jasusi, au mfanyakazi aliyenunuliwa. Hao wapo, na ubaya wao ni mkubwa. Walakini wanaopoteza amana kwa wingi ni watu wema wenye haraka.

Nendeni Darajani asubuhi, msimame mbele ya duka lolote la kuchapa na kutoa kopi. Atakuja kijana wa chuo, jasho linamtoka, msimamizi wake anamngoja. Atatoa flashi mfukoni ampe mwenye duka. Mwenye duka ataichomeka katika kompyuta ambayo tangu kufunguliwa kwa duka imekwisha kupokea flashi za kila mtu apitaye, atazinakili faili zote kwa pamoja kwa kuwa ndivyo kazi inavyokwenda mbio, atachapa kurasa alizoombwa, atapokea pesa yake, na kijana ataondoka akikimbilia daladala. Faili zitabaki pale. Ndani yake yamo maneno ya wanawake walioeleza yaliyowafika majumbani mwao, na pembeni ya kila maneno limeandikwa jina, na mtaa, na nambari ya simu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumkalisha kijana yule akamfundisha kuweka majina mahali pamoja na maneno mahali pengine. Hapana hapo aliyekusudia ubaya, na mwanamke aliyesema kwa kuamini amekwisha kuachwa wazi mbele ya mtu yeyote atakayekaa kwenye kiti kile.

Tusidhani haya ni ya watu wenye uwezo mdogo. Maktaba ya Uingereza, iliyoko London, ambayo wanaoandika historia ya Mashariki ya Afrika huitegemea sana, ilivamiwa mwezi wa Oktoba 2023 na wahalifu wa mtandao, mifumo yake ikafungwa na taarifa za wafanyakazi na wasomaji wake zikavujishwa. Ripoti iliyotolewa na Maktaba yenyewe mwezi wa Machi 2024 ilieleza kwamba mlango ulioelekea kutumiwa ni seva iliyowekwa ili washirika na mafundi wa nje waweze kuingia kutoka mbali, na kwamba mlango huo haukuwa na uthibitisho wa pili juu ya nywila. Kwa maneno mengine, mwizi aliingia kwa njia iliyofanyiwa watu wenye idhini. Na hapa naomba kila mkuu wa idara aliyeko ukumbini ajiulize usiku huu: mfanyakazi aliyehamishwa mwaka jana, na mwanafunzi aliyekwisha kuhitimu akaenda zake Muscat au Dar es Salaam, je, nywila zao zimezimwa, na ufunguo wa maabara umerudi? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lakini sheria haiwezi kwenda mlangoni ikadai ufunguo.

Hoja ya pili nataka kukaa nayo kidogo, kwani imeanzia katika milima ya nchi yetu wenyewe.

Tauni ilizuka wilaya ya Lushoto, huko Usambara, mwaka 1980, na kwa zaidi ya miaka ishirini ikawa inaondoka na kurudi. Daktari wa Kimarekani, Thomas Butler wa Chuo Kikuu cha Texas Tech, aliyekuwa ameutafiti ugonjwa huo tangu wakati wa vita vya Vietnam, alishirikiana na madaktari wa Kitanzania kuzijaribu dawa mbili, jentamaisini na doksisaiklini, ili kuona kama zinaweza kushika nafasi ya dawa ya zamani. Mwaka 2002 alichukua vijidudu vya tauni vilivyotoka kwa wagonjwa wa huku akavipeleka Lubbock, Texas, akisafiri navyo katika ndege za abiria. Na mwezi wa Septemba mwaka ule ule akavirudisha baadhi ya vichupa Tanzania kwa kampuni ya kusafirisha vifurushi, pasi na leseni iliyotakiwa na sheria za kwao, kifurushi kikiwa kimeandikwa kwamba ni vifaa vya maabara.

Tarehe 14 Januari 2003 habari ikafika serikalini kwamba vichupa 30 vya tauni havionekani katika maabara yake. Kumbukeni zama zile: haukuwa umepita muda mrefu tangu barua zenye vijidudu vya kimeta kuua watu 5 nchini Marekani. Makachero wakamiminika Lubbock. Baada ya kuhojiwa, daktari akatia saini maneno kwamba vichupa vile alikwisha kuviteketeza kwa bahati mbaya; baadaye akayakana maneno hayo, akasema alishinikizwa. Akafunguliwa mashtaka 69. Desemba 2003 baraza la mahakama likamwachia mengi katika yale yaliyohusu kuingiza na kushughulikia vijidudu, likamwachia na lile la kuwadanganya makachero, lakini likamtia hatiani kwa 47: 3 kwa ajili ya kile kifurushi kilichotumwa Tanzania, na 44 kwa ajili ya fedha za mikataba ya utafiti. Machi 2004 akahukumiwa kifungo cha miaka 2. Wanasayansi wakubwa walimtetea, miongoni mwao Peter Agre, aliyepata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003, wakisema mtu aliyeokoa roho za watu amefanywa mhalifu kwa makosa ya karatasi.

Na utafiti wenyewe ulikuwa wa kweli na wa manufaa. Ulichapishwa mwaka 2006, na mwandishi wake wa kwanza ni Mtanzania, Mwengee. Wagonjwa walikuwa 65, wakubwa kwa watoto. 62 walipona na 3 walifariki. Dawa zote mbili zilifaa. Daktari anayemtibu mgonjwa wa tauni leo huko Ituri au Madagaska ananufaika na majipu ya watu wa Usambara.

Mimi siwahukumu waliokwisha kuhukumiwa. Ninachokiona katika kisa hiki ni namna heshima inavyoweza kushika nafasi ya daftari. Hapa alikuwapo mwanachuoni mkubwa, mwenye miaka mingi ya kazi, na kadiri mtu anavyoheshimika ndivyo walio chini yake wanavyoona haya kumwambia, “Tafadhali profesa, tia saini hapa kabla hujachukua.” Sisi watu wa pwani haya hiyo tunayo maradufu. Kijana wetu wa maabara hawezi kumdai mzee karatasi, atahisi anamtukana. Basi vichupa hutoka, na siku vinapotafutwa hapana anayeweza kusema vimekwenda wapi, si kwa ubaya, bali kwa adabu. Dawa yake ni moja tu: mkubwa atangulie kutia saini, kila siku, mbele ya wadogo, hata ifike pahala ambapo kutotia saini ndiko kunakoonekana utovu wa adabu.

Jambo jingine ni khofu. Vichupa vikipotea mahali ambapo kupotea tu ni jinai, mtu atachelewa kusema, na akisema atasema kwa kujihami. Na maneno ya kujihami hayawasaidii wanaotafuta. Taasisi inapaswa kutofautisha kwa maandishi baina ya aliyekosea akasema siku ile ile na aliyeficha. Wa kwanza afundishwe na arudi kazini. Kama wote wawili adhabu yao ni moja, wote wawili wataficha.

Na jambo la tatu linanikera mpaka leo. Katika yote niliyoyasoma juu ya kesi ile, mjadala ulikuwa juu ya usalama wa Marekani na uhuru wa wanasayansi wa Marekani. Nadra kumkuta aliyeuliza, je, wale wagonjwa wa Lushoto ambao usaha ulitolewa katika miili yao waliambiwa kwamba utavuka bahari? Lau daftari la kwanza, lile la huku tulikoanzia, lingekuwa ndilo linalotafutwa siku ya mtihani, sisi tungekuwa na sauti katika habari ile. Sauti haiombwi, huandikwa mapema.

Hoja ya tatu inahusu dhuluma, na mfano wake umeota katika ardhi yetu. Waholanzi katika karne ya 17 na ya 18 waliihodhi karafuu ya visiwa vya Maluku. Wakaruhusu ipandwe Ambon na visiwa vichache, kwengineko wakaing'oa mikarafuu na kuwaadhibu wenyeji walioipanda. Ulikuwa ulinzi mkali kuliko wowote ambao chuo kikuu kinaweza kuuota. Hata hivyo mwaka 1770 majahazi ya Kifaransa yaliyotumwa na Pierre Poivre, msimamizi wa visiwa vya Kifaransa, yalirudi Mauritius na miche ya karafuu na kungumanga, waliyopewa na wenyeji wa Gebe na visiwa vya jirani, watu ambao Mholanzi aliwanyima faida akawaachia adhabu. Kutoka visiwa vya Kifaransa, mwanzoni mwa karne ya 19, karafuu ikafika Unguja, Saleh bin Haramil akitajwa kuwa ndiye aliyeileta, ikapandwa Mtoni na Kizimbani, na Sayyid Said akaieneza. Sisi tuliojengewa uchumi wetu na siri iliyovuja hatuna udhuru wa kutoelewa inavyovuja: aliyedhulumiwa ndiye anayeujua mlango wa nyuma.

Turudi vyuoni. Ni nani anayebeba kazi ya utafiti hapa kisiwani? Ni msaidizi wa utafiti, aghalabu kijana aliyemaliza chuo na hana ajira, anayepanda gari la abiria kwenda Makunduchi na Nungwi, anayekusanya, anayetafsiri, anayekaa usiku kuandika yaliyorekodiwa, kwa posho ambayo huchelewa miezi. Na kitabu kikitoka, jina lake halimo, au limo katika mstari mmoja wa shukrani pamoja na wapishi. Mtu huyo ana kila kitu katika simu yake: sauti, picha, majina. Mimi sisemi kwamba atauza. Wengi wao ni waaminifu kupita wanavyostahiki waajiri wao. Nasema kwamba taasisi inayomfanyia hivyo imeuacha ulinzi wake wote juu ya wema wa mtu iliyemkosea. Mwaka 2000 Nairobi waliona jambo la namna hiyo likitokea baina ya vyuo, pale wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipogundua kwamba hataza ya chanjo ya ukimwi, iliyotokana na kazi yao na wanawake wa mtaa wa Majengo, imeombwa na wenzao wa Uingereza bila ya majina yao. Uhusiano wa miaka ulitikisika kwa karatasi moja.

Vilevile mtu wa ndani anaweza kuwa ndiye mlinzi. Mwaka 2019 taasisi ya Sanger ya Uingereza, mojawapo ya taasisi kubwa za utafiti wa vinasaba duniani, ilishutumiwa na watu wa ndani yake kwamba inataka kutumia kibiashara vinasaba vya Waafrika pasi na idhini ya kutosha. Taasisi ilikana kutenda kosa, lakini Chuo Kikuu cha Stellenbosch cha Afrika ya Kusini kilitaka sampuli zake zirudishwe. Kama wale waliosema wasingekuwa na pa kusemea, Stellenbosch wangejuaje? Kwa hivyo ninapotaka mlango wa kusema, siutaki kwa ajili ya aliyepoteza kichupa tu. Nautaka pia kwa ajili ya mdogo aliyemwona mkubwa akifanya lisilofaa.

Hoja ya nne ni juu ya uaminifu wa maandishi yenyewe, kwani mtu wa ndani anaweza kuuharibu utafiti pasi na kutoa kitu nje, kwa kuandika ambacho hakikuwa. Wazee mnaofuga mnakumbuka mbung'o na maradhi ya ng'ombe waliyoyaleta. Baina ya mwaka 1994 na 1997 mbung'o dume walifugwa Tanga, wakapigwa mionzi hata wakawa tasa, kisha wakamwagwa juu ya Unguja kwa ndege ndogo kwa mamilioni, ili jike la porini lipandwe na dume tasa lisizae. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa kimesalimika, na mpaka leo kimesalimika. Dunia nzima huutaja mfano huo. Lakini zingatieni kazi ile ilisimama juu ya nani. Ilisimama juu ya mtu aliyekuwa akishughulika na mtambo wa mionzi, na juu ya mtu aliyekuwa akitembea Jozani, katika joto na mbu, kwenda kukagua mitego. Lau wa kwanza angepunguza muda wa mionzi ili awahi kurudi nyumbani, tungekuwa tunawamwagia ng'ombe wetu mbung'o wazima kwa gharama kubwa. Lau wa pili angeketi kivulini akaandika sifuri katika kila mstari, kisiwa kingetangazwa salama ilhali hakikuwa salama, na tungekuja kuyajua hayo kwa ng'ombe kufa. Hawakufanya hivyo. Na pale ambapo vipo vyanzo vya mionzi, jambo lenyewe ni zito zaidi, na ndiyo maana nchi ikatunga Sheria ya Nguvu za Atomiki, Namba 7 ya mwaka 2003. Kwani kitu kile kikitoka mahali pake hakidhuru utafiti tu, hudhuru mtaa.

Sasa mashekhe wangu waniwie radhi nikiingia katika fani yao. Tunapowaambia vijana kwamba kila sampuli na kila kauli iwe na mfuatano wa walioishika, baadhi yao hudhani tunawaletea desturi ya kigeni. Ilhali wanachuoni wa hadithi walikuwa na elimu kamili ya jambo hili zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Hawakutosheka na kusikia. Walitaka kujua fulani kapokea kwa nani, lini, mji gani, na je, wawili hao waliwahi kukutana? Wakawaandika wapokezi kwa tabaka zao, wakamtaja mkweli, na mkweli mwenye kusahau, na aliyekuwa madhubuti ujanani akachanganyikiwa uzeeni, na muongo. Kila mmoja kwa daraja yake. Na hapana aliyesema kwamba kumchunguza mpokezi ni kumvunjia heshima. Marehemu Sheikh Abdalla Saleh Farsy alipoandika habari za wanachuoni wa Kishafii wa Mashariki ya Afrika, alitutajia nani kasoma kwa nani, na leo tunaweza kuifuata elimu ya mji huu kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi. Kichupa cha damu kinahitaji sanad, yaani mfuatano wa wapokezi, vilevile: nani alitoa, kwa idhini ya nani, nani alikibeba, kilikaa wapi usiku ule umeme ulipokatika, nani alikipokea. Penye pengo katika mfuatano huo, jawabu la maabara ni dhaifu hata mashine iwe mpya.

Hoja ya tano ni fupi, nayo ni onyo. Nakhofia watu watakaoyachukua maneno haya wakayafanya fimbo. Watakuwapo watakaotaka kila mgeni aonekane mpelelezi, kila mtafiti anayeuliza lisilopendeza anyang'anywe kibali, kila mfanyakazi mwenye jamaa Oman au Ulaya awekewe macho. Hapo tutakuwa tumeupoteza utafiti ili kuulinda. Wamarekani walimtafuta mwenye zile barua za kimeta kwa miaka. Wakamwandama hadharani mwanasayansi mmoja ambaye hatimaye serikali ilimlipa fidia ya mamilioni ya dola, na mwaka 2008 wakasema mhusika ni mwanasayansi mwingine wa maabara yao wenyewe, aliyekwisha kufariki kabla ya kushtakiwa. Shaka ilimwangukia asiyehusika ikamharibia maisha. Ulinzi ninaouomba ni wa kuangalia kitu na mwendo wake, sio nasaba ya mtu wala fikra zake.

Mheshimiwa Mwenyekiti, saa inanikumbusha. Mwaka wa masomo ujao ungeweza kutukuta tumekwisha kufanya mambo machache ambayo hayahitaji mfadhili. Kila jokofu la sampuli liwe na daftari lake, na kufunguliwa kwake kushuhudiwe na watu wawili. Kila mwanafunzi, kabla ya kupewa barua ya kwenda vijijini, afundishwe kutenganisha majina na maneno, na kuifunga flashi yake kwa nywila. Na chuo kiwe na mahali pake pa kuchapa, ili asilazimike kukimbilia Darajani. Siku mtu anapohitimu au kuhama, asipewe barua ya kuagwa mpaka ufunguo umerudi na akaunti yake imezimwa. Mikataba na wenzetu wa nje itaje kwa maneno bayana sampuli zitakaa wapi, kwa muda gani, na majina ya nani yataandikwa juu ya kazi. Msaidizi wa utafiti alipwe kwa wakati. Na kila taasisi iteue mtu mmoja, asiye mkuu wa maabara, ambaye mdogo anaweza kumwendea.

Kisha tuwarudie wenyewe. Wanawake wa Paje na Jambiani wanaolima mwani tangu zao hilo lilipoanza kwa biashara mwaka 1989 wamehojiwa na watafiti wasiohesabika. Ningependa kabla ya kaskazi kuisha chuo kimoja, chochote kile, kiende huko na orodha ya kila kilichochukuliwa kwao, kiwasomee, na kiwaulize ni kipi wanataka kifutwe.

Nimekuja na karatasi za mfano wa daftari la jokofu na wa hati ya idhini, kwa Kiswahili. Zipo mezani karibu na mlango. Naomba walimu wazichukue mwanzo, na wanafunzi wawaone wakizichukua.